Komoro: Kusubiri Bila Stakabadhi

Kwenye kibaraza cha kahawa karibu na bandari ya Mtwara, siku ya mzigo wa Komoro hujulikana hata kabla kreni haijanyanyua kitu. Wenye mzigo hawatulii. Wana daftari dogo kwenye mfuko wa shati, na kila lori la saruji likipita kuelekea getini, mkono unakwenda kwenye daftari. Katikati ya 2025 mmoja wao, mtu wa makamo kutoka Mutsamudu, kisiwani Anzuani, aliketi karibu nami. Nilipomsogezea sahani ya kashata akasema, "Marahaba, kaka." Kwao marahaba ni asante. Mimi niliyezoea kuitikia shikamoo kwa neno hilo nilichelewa kidogo kuelewa, kisha tukacheka wote wawili.

Ilikuwa siku yake ya tano ya kusubiri. Meli ilikuwapo, saruji ilikuwapo, ila karatasi moja ilikuwa bado haijatoka ofisini. Nikampa pole. Akafungua lile daftari akanionyesha: namba za malori, idadi ya mifuko, tarehe, na pembeni risiti zimebanwa kwa pini iliyoanza kushika kutu. Akazipitisha kidole moja moja. "Hapa nasubiri na karatasi mkononi," akasema. "Kwetu tunasubiri mikono mitupu."

Tangu siku ile, habari za Komoro nikizisoma nalikumbuka daftari lile. Na naamini mtu wa Mtwara au Lindi anaweza kuielewa Komoro kuliko mchambuzi wa mbali, kwa sababu sisi kusubiri tunakujua kwa undani.

Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Newala hapeleki mzigo sokoni akarudi na fedha. Anaupeleka AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, anapewa stakabadhi, korosho zinakwenda ghala kuu, mnada unapigwa, ndipo fedha ziingie benki. Hapo katikati zinapita siku nyingi, na nyumba nyingi huzivuka kwa mkopo wa dukani. Watu wanavumilia. Wanavumilia kwa sababu karatasi inasema kilo ngapi, daraja lipi, tarehe gani, nani kapokea. Msimu wa 2018 wakulima waliikataa bei ya wanunuzi, na Serikali ya Rais Magufuli ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaingizwa kwenye kazi ya kusomba. Bei ilipokewa kwa furaha. Kilichowachoma watu baadaye ni uhakiki ambao mwisho wake haukuonekana. Jirani kalipwa, wewe bado, na ukiuliza lini hakuna anayejua. Shangazi yangu alikuwa akiitoa stakabadhi yake kwenye mfuko wa nailoni, anaikunjua, anaisoma yote, anaikunja tena kwa mikunjo ile ile. Nilimwona akifanya hivyo mara tatu katika jioni moja. Njaa ilikuwapo nyumbani, lakini uso wake ulikuwa na kitu kingine kabisa: alikuwa anaangalia ahadi ikigeuka karatasi ya kawaida.

Hicho ndicho ninachokiona Komoro. Umaskini upo, na ni mkali, lakini umaskini peke yake hauelezi ghadhabu ya watu wale. Wakomoro wamevumilia mengi kuliko tuliyovumilia sisi. Kilichowavunja ni kunyang'anywa stakabadhi.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Komoro yote, ukiacha Maore iliyoko chini ya Ufaransa, haifiki watu milioni moja. Mkoa wa Lindi peke yake ulikuwa na zaidi ya milioni 1.1 kwenye sensa ya 2022. Nchi hii ndogo ilitangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975 chini ya Ahmed Abdallah, na haikumaliza mwezi mmoja kabla ya mapinduzi ya kwanza. Yaliyofuata ni orodha inayochosha: Ali Soilih kuuawa 1978 baada ya mamluki wa Kifaransa Bob Denard kuingia na watu wake, Abdallah aliyerudishwa na mamluki hao naye kuuawa 1989, Denard kurudi tena 1995, Anzuani kutangaza kujitenga 1997, na Kanali Azali Assoumani kutwaa madaraka kwa mapinduzi Aprili 1999. Ndani ya orodha hiyo kuna jeraha la Maore, kisiwa cha nne, kilichopiga kura 1974 kubaki na Ufaransa na mwaka 2011 kikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Mtu wa Anzuani akipanda mlimani siku ya anga safi, anakiona kisiwa ambacho damu yake na lugha yake ziko huko, na hawezi kwenda bila viza.

Mwaka 2001, pale Fomboni katika kisiwa cha Mwali, Wakomoro walikaa wakakubaliana jambo la busara kubwa. Walikubaliana zamu. Urais utazunguka: Ngazija, kisha Anzuani, kisha Mwali, kisha unarudi. Zamu ya kisiwa ikifika, wagombea wanachujwa kwanza kisiwani humo kwa kura ya wenyeji, halafu watatu wa juu wanapigiwa kura na nchi nzima. Azali wa Ngazija akaongoza mpaka 2006 akaondoka. Ahmed Abdallah Sambi wa Anzuani akaingia 2006, akaondoka 2011. Ikililou Dhoinine wa Mwali akaingia 2011, akaondoka 2016. Nchi iliyozoea marais kutoka madarakani kwa risasi au kwa ndege ya mamluki ikaona marais watatu wakitoka kwa kukabidhiana. Nani katika Afrika alikuwa na mpango mzuri zaidi kwa nchi ya aina ile? Mimi siujui.

Zamu ile ilikuwa stakabadhi. Haikuongeza kilo ya mchele kwenye chungu cha mtu. Umeme uliendelea kukatika, mishahara ya watumishi iliendelea kuchelewa. Lakini mtu wa Anzuani aliyeona fedha zote zinaishia Moroni, mji mkuu ulioko Ngazija, aliweza kujiambia kwamba zamu yetu inakuja, tarehe inajulikana, mwaka unajulikana. Mtu wa Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, alijua kwamba hata yeye yumo kwenye foleni na hatarukwa. Hasira ilikuwa na kalenda.

Azali alirudi madarakani 2016, zamu ya Ngazija, kwa kura. Iliyofuata ilikuwa ya Anzuani, 2021. Haikufika. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ilisimamishwa, na tarehe 30 Julai mwaka ule ikaitishwa kura ya maoni iliyosusiwa na upinzani. Matokeo yaliyotangazwa yalikuwa zaidi ya asilimia 92 ya ndiyo. Rais akaruhusiwa vipindi viwili mfululizo vya miaka 5 kabla zamu haijahama, na uchaguzi ukaletwa mbele hadi Machi 2019. Kwa mkupuo mmoja, foleni ikasogezwa nyuma miaka. Oktoba 2018 vijana wenye silaha walijifungia kwenye vichochoro vya mji mkongwe wa Mutsamudu wakapambana na jeshi kwa siku kadhaa. Yule bwana wa daftari alikuwa mjini siku hizo. Alichokikumbuka zaidi ni kwamba maji yalikatwa, na kwamba mama yake alichemsha ndizi kwa maji ya dafu.

Januari 2024 ndipo mambo yalipodhihirika kabisa. Uchaguzi ulifanyika tarehe 14. Siku mbili baadaye Tume ilimtangaza Azali mshindi kwa asilimia 62.97, na waliojitokeza kupiga kura kwa asilimia 16.3. Fikiria: kati ya watu sita walioandikishwa, mmoja tu alikwenda. Moroni ikawaka. Nyumba ya aliyewahi kuwa waziri ilichomwa, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa, mtu asiyepungua mmoja akafa na zaidi ya 20 wakajeruhiwa. Kisha Mahakama ya Juu ikatoa hesabu yake: ushindi asilimia 57.2, waliojitokeza asilimia 56.44. Upinzani ukaulizia hao wengine walitoka wapi.

Swali hilo lina uzito wa pekee kwenye kisiwa kidogo. Katika nchi kubwa mtu anaweza kudhani kwamba labda kule kwingine walijitokeza wengi. Komoro hakuna kule kwingine. Kila mtu ana binamu kila kijiji. Mwalimu anayekaa kituoni kuhesabu kura ni mkwe wa mtu, na jioni yumo barazani. Ukitangaza tarakimu ambayo macho ya watu yanaikana, hujamdanganya mtu, umemwambia tu kwamba anachokijua hakina thamani.

Kuna jambo moja la siku zile ambalo halikupewa uzito wake. Katika ghasia hizo, ghala la chakula la taifa nalo lilivamiwa. Watu waliokuwa wanalalamikia kura walikwenda kwenye chakula. Wengine watasema ni wahuni waliotumia nafasi. Mimi nadhani miguu ya watu ilikwenda ilikofundishwa kwenda, kwa sababu kule Serikali na chungu ni kitu kimoja.

Hapa kwetu unga ukipanda tunamlaumu mfanyabiashara, au mvua, au barabara ya Kibiti hadi Lindi ilipokatika. Lawama zinagawanyika. Komoro mchele ndicho chakula, na sehemu kubwa unatoka nje, Asia hasa. Mchele wa kawaida, ule wa mtu wa chini, unaagizwa na shirika la umma na bei yake inawekwa na Serikali. Mafuta ya gari yanaagizwa na shirika la umma. Umeme unauzwa na shirika la umma, nao unategemea zaidi jenereta za dizeli. Mwajiri mkubwa ni Serikali. Kwa hiyo meli ya mchele ikichelewa, mtu hana wa kumlaumu ila mmoja. Bei iliyopangwa ni faraja mchele ukiwapo. Ukikosekana, kibandiko cha bei kinabaki dukani kama tangazo la aibu.

Ongeza na jiografia, ambayo haina huruma. Ngazija, kisiwa chenye Moroni, kinakaa chini ya volkano ya Karthala, na ardhi yake inanyonya maji kama sifongo. Hakuna mto wa kudumu. Vijiji vingi vinakunywa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye matangi ya saruji, na Novemba 2005 Karthala ilipotema majivu, matangi hayo yalichafuka. Bandari ya Moroni nayo ni ya kina kifupi. Meli kubwa zinatia nanga mbali, mzigo unashushwa kwenye matishari, kisha matishari yanavutwa hadi gatini. Sisi tulio na bandari ya kina ya asili na gati jipya la mita 300 tusilisahau jambo hili tunapozungumza kwa wepesi juu ya bei za Komoro. Mfuko wa saruji unaotoka hapa kwa saa chache unaweza kule kunyanyuliwa mara tatu kabla haujagusa nchi kavu, na kila unaponyanyuliwa kuna mtu wa kulipwa.

Sarafu yao imefungwa kwa yuro, faranga 491.97 kwa yuro moja tangu 1999. Watetezi wa mpango huo wanasema umewaepusha na mfumuko wa bei uliowakumba majirani, na wana hoja. Lakini faranga imara inamnufaisha anayenunua kutoka nje, na anayelima anauza nje. Wanachouza ni karafuu, vanila na langilangi, ua ambalo mafuta yake yanakwenda kwenye viwanda vya manukato Ulaya. Komoro ni mmoja wa wazalishaji wakubwa wa mafuta hayo duniani. Mwanamke anayechuma maua ya langilangi alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, hajui bei ya chupa ya manukato huko yanakoishia. Mkulima wa korosho wa Nanyamba anamwelewa mwanamke huyo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nadhani ndicho kiini, na ambacho wachambuzi wengi wanakipita haraka. Kwa nini hasira hii yote haijabadilisha kitu?

Jibu la kawaida ni jeshi. Jeshi lipo, sikatai. Lakini jibu langu ni boti na simu. Fedha zinazotumwa na Wakomoro walioko nje, wengi wao Ufaransa, na Marseille ikiwa kama mji wao wa pili, ni karibu moja ya tano ya pato la taifa. Katika vijiji vingi vya Ngazija, shule ilijengwa kwa mchango wa walioko Ufaransa, msikiti vilevile, barabara ya kuingia kijijini vilevile, na hata ndoa kubwa, ile anda inayompa mwanamume sauti kwenye baraza la wazee, inalipiwa na miaka ya kazi ya ughaibuni. Dada wa yule bwana anasafisha ofisi Marseille. Fedha zake zilinunua mabati, zinalipa karo, na zilinunua paneli ya sola ambayo sasa ndiyo taa ya nyumba. Alinieleza hayo kwa fahari, na ana haki ya fahari hiyo.

Lakini tazama zinachofanya fedha hizo kisiasa. Umeme ukikatika, dada anatuma sola. Zahanati ikikosa dawa, kaka anatuma za dawa. Kila mahali Serikali iliposhindwa, ndugu ameziba. Kwa hiyo malalamiko yanayopaswa kwenda kwa waziri yanakwenda kwa ndugu, tena kama ombi. Fedha za walioondoka zinanunua subira ya waliobaki. Hazipiti hazina ya taifa, lakini ni ruzuku kwa Serikali, na Serikali haitoi hata risiti.

Wanaoondoka nao ni akina nani? Ni wale wale ambao wangesimama barabarani: kijana wa miaka 22 mwenye nguvu na cheti, msichana aliyemaliza shule na kukosa nafasi. Ufaransa iliweka viza ya kuingia Maore mwaka 1995. Kutoka Anzuani ni kama kilomita 70 tu, pungufu ya safari ya kutoka hapa Mtwara hadi Lindi mjini. Wanavuka usiku kwa viboti vya kwasakwasa vilivyojazwa kupita kiasi. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya 2012 ilikadiria kwamba kati ya watu 7,000 na 10,000 walikuwa wamekufa kwenye mlango ule wa bahari tangu viza ianze. Nikiusoma mstari huo huwa nasimama. Kwenye nchi isiyofika watu milioni moja, hakuna ukoo usiojua jina la mtu aliyemo humo majini.

Mdogo wake bwana yule alivuka salama. Anaishi Maore bila karatasi, kwenye mabanda ya mabati juu ya mji wa Mamoudzou. Kimbunga Chido kilipopiga tarehe 14 Desemba 2024, mabanda yale ndiyo yaliyosagika kwanza, na wengi wasio na karatasi waliogopa kwenda kwenye makazi ya dharura wakidhani ni mtego wa kuwarudisha kwao. Siku nne simu ya mdogo wake haikupatikana. Siku ya tano ukaja ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na moja. Alinichezea pale kibarazani, sauti ikipasuka kwa upepo: niko hai, mwambieni mama, msitume kitu. Alikuwa bado hajaufuta.

Siandiki haya kuwalaumu walioko nje. Wakiacha kutuma fedha wiki moja, watoto watalala njaa, na hakuna mwenye akili atakayewashauri hivyo. Ninachosema ni kwamba tusiuchukue utulivu wa Komoro kama dalili ya kuridhika. Kila kijana anayepanda boti ni kura ya hapana isiyohesabiwa na tume yoyote.

Na hesabu ndilo neno lenyewe. Mwaka 2008 Komoro ilipitisha sheria ya kuuza uraia, na pasi zikatolewa kwa wakazi wa nchi za Ghuba wasio na uraia wa nchi yoyote, kwa ahadi kwamba fedha zitajenga barabara na kuleta umeme. Miaka ikapita, wananchi wakauliza fedha ziko wapi. Novemba 2022 Rais wa zamani Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini katika kesi ya pasi hizo, na mahakama ambayo hukumu yake haina rufaa. Wafuasi wake wanasema ni kumwondoa mpinzani. Wapinzani wake wanasema haki imetendeka. Mimi naona kwamba hukumu ni kitu kimoja na hesabu ni kitu kingine. Bwana wa Mutsamudu, anayejua kila mfuko wa saruji ulipanda lori gani, hajui mpaka leo fedha zile zilifanya nini na zilibaki ngapi. Desemba 2019 wafadhili walikutana Paris wakaahidi yuro zipatazo bilioni 3.9 kwa mpango wa kuifanya Komoro nchi inayoinukia ifikapo 2030. Hizo nazo, kwa mtu wa kibarazani, ni tarakimu ya redioni. Kisha 2024 Rais akamteua mwanawe, Nour El Fath, kuwa katibu mkuu wa Serikali, mwenye jukumu la kuratibu kazi za mawaziri. Mtu aliyekuwa akisubiri zamu ya kisiwa chake sasa anaanza kujiuliza kama foleni yenyewe haijahamia ndani ya nyumba moja.

Wapo wanaosema Wakomoro ni watu wa mapinduzi tu, ni tabia yao. Nimelisikia hata hapa Mtwara, kwa watu wanaofanya nao biashara, na linaniudhi. Watu wale wale walipopewa utaratibu unaoeleweka waliufuata kwa miaka kumi na tano.

Na sisi tusijitoe kwenye habari hii. Tarehe 25 Machi 2008, wakati Rais Kikwete akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, askari wetu walishuka Anzuani pamoja na wenzao wa Sudan kumng'oa Mohamed Bacar, aliyekuwa akikitawala kisiwa kwa kuukaidi muungano, na kukirudisha kisiwa kwenye muungano huo. Tuliwaambia watu wa Anzuani warudi kwenye katiba. Katiba tuliyowarudishia ilikuwa na zamu ndani yake. Miaka kumi baadaye zamu ilipopinduliwa, sauti yetu haikusikika kwa nguvu ile ya 2008. Kwa maoni yangu aliyemshika mtu mkono akamrudisha kwenye foleni ana wajibu wa kuuliza foleni inapovurugwa. Leo uhusiano wetu unapimwa kwa tani za saruji, na saruji ni jambo jema, inatupa kazi, makuli wa hapa wanakula kwa mzigo ule. Lakini ujirani una madai mengine pia. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita jirani kabisa na Ngazija, kikaua watu na kulaza migomba na minazi, na siku ya pili yake sisi hapa tulikuwa tumefunga shule na maduka tukikisubiri, kabla hakijakunja kuingia Cabo Delgado, Msumbiji. Upepo ule ule.

Tunayo pia kumbukumbu yetu ya kujibiwa vibaya. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipouliza bomba la gesi likienda Dar es Salaam wao wanabaki na nini, swali lilikuwa la hesabu. Wengi waliouliza hawakumnyima mtu wa Dar es Salaam umeme, walitaka karatasi: kipi kitabaki, kiasi gani, lini. Yakaja magari ya askari, watu wakafa, nyumba zikachomwa. Bomba lilijengwa. Ingegharimu nini kuja na daftari kwanza?

Kipindi cha sasa cha Azali kinaisha Mei 2029, na kwa katiba yao ya 2018 zamu inapaswa kuhama Ngazija hapo. Anzuani haijashika urais tangu Sambi alipokabidhi, Mei 2011. Mtoto aliyezaliwa Mutsamudu mwezi ule atatimiza miaka 18 mwezi ule ule wa 2029, umri wa kupiga kura, bila kuwahi kuiona zamu ya kisiwa chake. Bwana wa daftari ana binti wa umri huo. Ni wa kwanza darasani, anasoma usiku kwa taa ya sola iliyolipiwa na shangazi yake wa Marseille. Karatasi ya ofisini ilipotoka hatimaye, jua likiwa limeshainama mawinguni, alisimama, akafunga daftari kwa mpira, akaniambia jambo ambalo nadhani alikuwa nalo tangu asubuhi. Mdogo wake wa Maore amempigia kuuliza kama binti aanze kutafutiwa boti akifika kumi na sita, kabla bei haijapanda. Alikuwa bado hajamjibu.